Posho ya Kusimama Mlangoni

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, mlezi mkuu wa chumba cha klorini katika mtambo wetu wa maji anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na nne na miezi mitano. Aliajiriwa kama mfagiaji wa matangi ya kuchujia. Anaondoka akiwa amelea wanagenzi kumi na tisa. Wote kumi na tisa wako hai, wanne wamemzidi mshahara, na ni mmoja tu mwenye kikohozi.

Huyo mwenye kikohozi ni mimi, wa mwisho kulelewa naye. Karani wa masjala, ambaye pia ndiye mhariri wa jarida letu, aliniomba niandike wasifu wa kuchangamsha, wenye visa viwili vitatu vya kuchekesha na usio na malalamiko. Visa ninavyo, na uchangamfu nitajitahidi. Ila msomaji anisamehe pale uchangamfu utakaponiishia, maana tangu nianze kuandika nina hofu, na hofu yenyewe nitaieleza ikifika zamu yake.

Kazini ni wachache wanaomwita kwa jina lake. Anaitwa Mama Bado. Mwanagenzi akimaliza miezi mitatu na kuuliza kama sasa anaweza kuachiliwa, yaani kupewa sahihi ya kufanya kazi kama fundi kamili, hujibiwa bado. Akimaliza sita, bado. Walezi wa vitengo vingine huachilia watu kwa miezi minne. Yeye hakuwahi kushuka chini ya kumi na moja. Kwa sahihi ana mkono wa birika. Siku ya harusi ya binti yake mgeni mmoja aliuliza kama chakula kimeiva, na meza nzima ya watu wa mtambo wa maji ikajibu kwa pamoja kabla yeye hajafungua mdomo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Kwa wale wa ofisini ambao hawashuki kule nyuma, chumba chenyewe kiko hivi. Ni chumba cha matofali pembeni mwa jengo la pampu, chenye mlango wa chuma, na kwenye mlango kuna kioo kidogo usawa wa uso. Feni ya kuvuta hewa imewekwa chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya klorini ni nzito na hulala chini. Ndani kuna mitungi mikubwa juu ya mizani, na mabomba membamba yanayopeleka gesi kwenye maji. Ikiwa ndani ya maji, gesi hiyo ndiyo inayotukinga na maradhi ya tumbo. Ikitoka nje ya mtungi, inachoma mapafu. Mimi nimeingia humo mara mia nne na kitu, na hadi leo kabla ya kushika kitasa nahesabu mikanda ya barakoa mara mbili.

Sheria ya chumba ni kwamba hakuna anayeingia bila mtu wa kumwangalia kupitia kile kioo. Mwanagenzi akiwa ndani anabadilisha mtungi, mlezi yuko mlangoni. Hagusi kitu, hasemi neno, anatazama. Mpita njia akimwona atasema huyu mama analipwa kwa kusimama, na wengi wamesema hivyo. Meneja mmoja mgeni, siku yake ya pili kazini, alimkuta amesimama pale akamwuliza kama kuna mtu anamngojea. Akajibu kwamba yuko, bila kugeuza shingo. Meneja kwa adabu yake akaona naye angoje, akidhani labda ni mgeni muhimu. Walisimama hivyo dakika ishirini, mpaka mlango ukafunguka akatoka mwanagenzi mwenye jasho na barakoa mkononi. Mama Bado akamwambia meneja kwamba mtu wake ndiye huyo, na sasa anaweza kumsikiliza.

Kabla ya kumfungulia mtu mlango alikuwa na maswali yake matatu, kila siku, bila kuruka hata moja. Una nini mkononi, una nini mfukoni, na leo unaogopa nini. Mawili ya kwanza ni mepesi. La tatu lilitusumbua, kwa sababu jibu la jana hakulikubali leo. Ukisema unaogopa valvu iliyokaza, kesho utafute jingine. Mwanagenzi mmoja aliishiwa kabisa akasema leo anaogopa mama mkwe wake, ambaye amekuja kukaa wiki mbili. Wenzake wakacheka. Mama Bado hakucheka. Alimpa ruhusa ya siku nzima, akasema mtu anayewaza mama mkwe hawezi kusoma mizani.

Sasa inabidi nieleze mlezi analipwaje, kwa sababu wengi hawajui, na mimi mwenyewe sikujua mpaka jambo lenyewe liliponigusa. Mlezi hana mshahara wa ulezi. Ana mshahara wake wa kawaida, na juu yake posho ya asilimia kumi na tano kwa muda ambao ana mwanagenzi mkononi. Nusu ya posho huingia kila mwezi. Nusu nyingine hulala ofisini mpaka mwanagenzi aachiliwe, na baada ya mwezi wa sita ile nusu inayolala haiongezeki tena. Kwa maneno mengine, miezi sita ya kwanza unalea kwa bei kamili, na kuanzia wa saba unalea kwa nusu bei. Mama Bado alilea kwa nusu bei sehemu kubwa ya maisha yake.

Mlezi wa kitengo cha pampu, tunayemwita Chapchap, na jina hilo mwenyewe analifurahia, alikuwa akiachilia watu watatu kwa mwaka. Hela zake hazikulala ofisini. Alinunua pikipiki, akajenga na uzio. Simsemi vibaya, ni mtu mwema na mwalimu mzuri, na posho ilipangwa hivyo hivyo, kwamba anayeharakisha ndiye anayekula. Halafu kuna lile la asilimia. Asilimia kumi na tano ya mshahara mdogo ni kidogo. Mlezi wa maabara, mwenye shahada, alipata karibu mara mbili ya Mama Bado kwa kumlea mtu ambaye hatari yake kubwa ni kuvunja gilasi ya vipimo.

Miaka sita iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya kupanga mishahara, na fomu ndefu na kalamu tatu mfukoni. Kazi yake ilikuwa kuwapa walezi alama ili posho zirekebishwe kwa haki. Kisa hiki Mama Bado alinisimulia mwenyewe wakati wa chai, akijifuta machozi ya kicheko. Kwenye elimu alipata alama mbili kati ya ishirini, kwa kuwa aliishia darasa la saba. Kwenye uzoefu alipata zote. Kwenye idadi ya wanagenzi akapata chache, kwa kuwa anachelewa nao. Kwenye wajibu aliulizwa anaongoza watu wangapi, akajibu mmoja, na yuko ndani. Mwisho ukaja upande wa mazingira ya hatari, ambao ndio wenye alama nyingi. Bwana yule aliuliza ajali ngapi zimetokea katika chumba chake kwa miaka kumi. Hakuna, akajibu. Wakafungua kitabu cha zamu pamoja, wakakisoma ukurasa kwa ukurasa, na kweli hapakuwa na hata moja. Basi bwana akaandika mazingira salama, akafuta alama zote za hatari. Kitengo cha Chapchap, chenye vidole viwili vilivyosagika na mtu aliyeanguka ngazini, kilipata alama kamili.

Nilicheka sana siku ile. Nilikuwa na miezi minane tu ya uanagenzi na sikuwa najua kwamba kitabu kile kitakuja kunihusu.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa natimiza miezi kumi na moja. Mama Bado, kwa mara ya kwanza, hakusema bado. Alisema mwisho wa mwezi tutaona. Wanaomjua wanaelewa kwamba hiyo ni sawa na kuitwa jukwaani kukabidhiwa cheti. Nami nilikuwa naihitaji sahihi ile kuliko chakula. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, na mshahara wa mwanagenzi tunaufahamu sote. Kuanzia siku ile niliishi roho mkononi. Kila kosa dogo niliona litanirudisha nyuma miezi mitatu.

Kuna kitu kimoja katika kazi yetu ambacho lazima mkijue. Kati ya mtungi na bomba hukaa washa, kiduara laini cha madini ya risasi, chepesi kuliko sarafu. Ukikaza, kinabanwa na kuziba kila upenyo. Kinabanwa mara moja tu. Ukikifungua na kukitumia tena kitakudanganya, kwa sababu kwa macho kinaonekana kizima. Mama Bado alikuwa na mkebe wa washa mpya. Alikuwekea moja kiganjani mlangoni, ukaingia nayo, ukitoka unamkabidhi ya zamani. Hakukuwa na njia nyingine.

Alhamisi moja ya mwezi ule, baada ya chai ya saa nne, aliniuliza maswali yake. Mkononi nina spana. Mfukoni sina kitu. Leo unaogopa nini? Nikamjibu kwamba naogopa valvu ya mtungi wa pili, ambayo ilikuwa nzito wiki iliyopita. Ulikuwa uongo. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, nacho ni yeye kubadili mawazo yake kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilifungua mtungi uliokwisha, nikatoa washa ya zamani, nikaiweka juu ya mizani. Nilipotaka kuweka mpya, ikaniteleza kwenye glavu. Niliisikia ikigonga sakafu, ikabingirika chini ya mizani. Niliinama nikaitafuta. Kioo cha barakoa kilikuwa na ukungu wa pumzi, nikaipandisha barakoa kidogo ili nione. Sikuiona. Nikairudisha barakoa usoni kwa haraka, na mkanda mmoja ukabaki umejisokota. Njia ya halali ilikuwa kutoka nje na kumwomba Mama Bado washa nyingine. Nilimwona kupitia kioo, ananitazama. Nikawaza neno lile analosema. Basi nikachukua ya zamani, nikaigeuza upande uliokuwa unang'aa, nikaiweka, nikakaza. Nilishapanga la kumwambia nikitoka, kwamba ya zamani ndiyo iliyobingirika chini ya mizani.

Utaratibu unataka ufungue mtungi kidogo sana, kisha upitishe chupa ya amonia karibu na kiungo. Kama gesi inavuja, utaona moshi mweupe. Nilifungua, nikapitisha chupa, na moshi ukaja mara moja, mweupe, mzito, hata kabla sijaifikisha. Halafu nikasikia kufoka. Kichwa kiliniambia nifunge valvu, mikono ikakataa. Kitu kikali kikaingia kupitia ule mkanda uliosokota. Nilivuta pumzi moja. Siwezi kuieleza pumzi ile, ila naweza kusema kwamba wakati huo sikuwaza mke wala watoto, niliwaza tu kwamba sitapata nyingine.

Mama Bado ana urefu wa kufika begani kwangu na alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alivaa barakoa yake kwanza, mkanda kwa mkanda, kama alivyotufundisha, akaingia, akafunga valvu, akanishika mkanda wa suruali na kunikokota hadi nje. Aliwasha feni, akapiga king'ora, akanimwagia maji machoni. Mtambo ulifungwa kwa muda wa saa nne nzima, na mchana ule mji mzima ulifungua mabomba ukakuta ukame. Hakuna mwingine aliyeumia.

Walinilaza kwenye benchi la huduma ya kwanza na kinyago cha oksijeni puani. Kutoka pale nilimwona amekaa kwenye kiti cha mlinzi na kitabu cha zamu magotini, anaandika polepole, mwandiko wake ule wa herufi kubwa. Alipomaliza alikuja akakaa karibu yangu. Nilivua kinyago nikamwambia kwamba washa niliigeuza mimi, na kwamba nitasema.

"Nilikuona umeinama," alisema. "Nikajiambia ngoja amalize. Mimi nalipwa kwa kuuliza, na sikuuliza."

Nilisema tena kwamba kosa ni langu.

"Najua. Ukisema wewe, unga wako umemwagika leo leo. Nikisema mimi, watanikata posho tu. Vaa hicho kitu, baba, upumue."

Nilikisoma kitabu siku tatu baadaye. Alikuwa ameandika hivi: Washa iliyotumika imerudishwa kwenye kiungo. Kosa la mlezi.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Mimi niliulizwa maswali mawili. La kwanza, je, washa nilipewa na mlezi mkononi? Nikajibu ndiyo. Ni kweli nilipewa, lakini sikusema kwamba niliyopewa ilikuwa mpya; kweli hiyo nilikuwa nimeikata katikati. La pili, je, nina la kuongeza? Mwenyekiti alinitazama kwa upole, naamini alikuwa anaisubiri nusu iliyobaki. Nikatazama karatasi zilizokuwa mezani nikasema sina.

Mama Bado alisimamishwa ulezi kwa miezi kumi na miwili. Posho ikakatwa, na ile nusu iliyokuwa imelala ofisini kwa ajili yangu haikulipwa. Alibaki fundi wa zamu kwa mshahara mtupu. Hapa ndipo penye uchungu wa jambo zima, na wasiofanya kazi na karatasi za utumishi huenda hawajui, kama nami nilivyokuwa sijui. Pensheni hupigwa kutokana na kipato cha miezi kumi na miwili ya mwisho, posho ikiwemo. Miezi yake kumi na miwili ya mwisho ilianzia siku ile. Yeye alijua. Alijua wakati anaandika.

Na kama vile kuna mtu anatutania, ajali ilipoingia kitabuni, ofisi ya mishahara ikarudisha alama za hatari. Posho ya mlezi wa chumba cha klorini sasa inakaribia robo ya mshahara. Aliyewekwa mahali pake, mkemia wa maabara, alianza kuipokea mwezi uliofuata. Mkemia huyo aliniachilia kwa wiki sita.

Miezi kumi na moja nimekaa kimya. Nimesikia watu wakisema kwamba woga huisha kwa mazoea, na mimi nasema wangu umekua. Mwanzoni niliogopa kufukuzwa. Kisha nikaogopa kukutana naye kwenye njia ya kwenda kantini, nikaanza kuzunguka nyuma ya matangi. Yeye hakunibadilikia. Tukikutana huniuliza kikohozi vipi, baba, na mtoto ameota meno. Angenisuta ningepona. Mara ngapi nimemfuata hadi mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ili nizungumze naye, halafu nikaishia kumsalimia.

Mwezi wa tatu alichukua ruhusa ya siku moja na kuonekana kituo cha basi amevaa viatu vyake vya kutokea. Karani wa masjala ndiye aliyenieleza baadaye alikokwenda. Mama Bado anaishi vyumba viwili na dada yake mkubwa, ambaye mkono na mguu wa kushoto umepooza. Mchana huwa kuna mama wa kumsaidia, na mshahara wa mama huyo Mama Bado alikuwa ameupangia kutoka kwenye pensheni. Ilipopigwa hesabu mpya ikawa haitoshi. Basi alikwenda chuo cha ufundi kuomba kufundisha kwa saa. Wakamwambia malipo ya saa hutegemea cheti. Mwenye shahada hulipwa kamili, mwenye stashahada nusu, asiye na kitu theluthi, na nauli ni juu yake. Alikubali theluthi. Wakaomba barua ya mwajiri kuhusu rekodi yake ya kazi. Barua ikaenda, na mstari ule aliouandika kwa mkono wake ukaenda nayo. Hawakumwita tena.

Nilipoambiwa nilikwenda kukaa nyuma ya jengo la pampu hadi zamu ikaisha. Hata hivyo, na hili naliandika kwa aibu, bado sikusema.

Kilichonitoa ni bahasha niliyoikuta kwenye kijishubaka changu wiki mbili zilizopita. Mkemia anarudi maabara. Kuanzia Jumatatu, tarehe tatu ya mwezi wa saba, ilisema barua, mimi ndiye nimeteuliwa kuwa mlezi wa chumba cha klorini. Posho yangu ilikuwa imeandikwa wazi wazi, asilimia kumi na tano, na juu yake asilimia nane ya mazingira ya hatari. Nilisoma hiyo nane mara nyingi. Iko pale kwa sababu ya washa niliyoigeuza. Nitalipwa kila mwezi kwa ajili ya siku ile, na aliyenikokota kutoka ndani atapunjwa kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo hiyo, mpaka mmoja wetu afe.

Nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa anakunja nguo za watoto, akaendelea kuzikunja. Kisha akauliza kodi itatoka wapi wakinifukuza. Asubuhi nilipokuwa natoka alinikumbusha nichukue kalamu.

Barua yangu nilimkabidhi meneja wa mtambo Jumatano hii. Nimeeleza washa, barakoa, uongo wa mlangoni, na swali la kamati nililolikwepa. Nimeomba mstari ule kitabuni usahihishwe, posho yake ya miezi yote irudishwe, na hesabu ya pensheni ipigwe upya. Meneja aliisoma mara mbili, akaniuliza kama ninaelewa kwamba jambo hili ni la kufukuzwa kazi. Nikasema naelewa. Sauti ilinitoka nyembamba mpaka nikajionea haya. Alisema atashauriana. Hadi jarida hili linakwenda kuchapwa hajanijibu, na jalada la pensheni ya Mama Bado linafungwa Ijumaa saa nne, saa ile ile tutakapokuwa ukumbini tunampigia makofi. Ndiyo maana nimeyaandika hapa, ambapo kila mmoja wenu atayasoma akiwa amekaa kwenye kiti chake na saa ya ukutani iko mbele yake. Afisa utumishi atakuwepo. Ofisi yake iko hatua thelathini kutoka ukumbini.

Karani wa masjala alipomaliza kusoma alivua miwani, akauliza kama nataka aikate sehemu ya katikati. Nikamwambia hapana. Amerekebisha koma tu.

Sijui nitakuwa wapi Jumatatu. Nikiwa mlangoni, posho ile ya hatari sitaitia mfukoni kabla ya yeye kulipwa yake, na hilo nimeliandika pia. Nikiwa nyumbani, nitajua angalau sababu. Naogopa vyote viwili. Tangu juzi nimeharibu karatasi tano.

Sasa kwa niaba ya wanagenzi kumi na tisa tunamshukuru mlezi wetu. Tunamshukuru kwa kila mwezi aliotulea kwa nusu bei ili tutoke tukiwa wazima. Tunamshukuru kwa kusimama pale mlangoni miaka yote wakati watu wanapita wakisema hafanyi kitu. Dada yake tunamtumia salamu, na tunaomba asichoke kutuazima mtu wake siku moja moja, maana tutahitaji kuuliza mambo.

Mama, nakujua. Ukifika hapa utataka kusimama uwaambie kwamba nimetia chumvi, kwamba aliyekuwa mlangoni ni wewe na kosa ni lako. Nakuomba usisimame. Kaa, uache wanitazame mimi. Tunakutakia siku ndefu, mapumziko ya kweli, na pensheni yako yote.